Ukoo wa Hajji, Namakwekwe (Mbale)

Rehema, 21:06: Assalam alaykum. Mlioona kile kimondo cha saa tatu kasorobo, kila mtu aandike hapa: alisimama wapi, kilitokea upande gani, kikazimikia wapi, sekunde ngapi. Fomu ya IMO, lile shirika la kimataifa la vimondo, naijaza mimi.

Siraji, 21:09: Shetani kapigwa 😂

Rehema, 21:09: Upande gani?

Siraji, 21:10: Upande wa shetani

Mama Zaituni, 21:31: Mimi namenya matoke barazani, nimeelekea ukuta. Kivuli cha mgomba kikatembea ukutani toka kulia hadi kushoto, kama gari limepita, na gari hakuna. Mwanga kijani. Kugeuka nageuka, kimezima.

Rehema, 21:33: Shukrani dada! Kivuli kushoto, basi chenyewe kilikwenda kulia. Baraza yako si inatazama barabara ya kwenda mji wa Kumi?

Siraji, 21:35: Mi nikasikia BUU palepale

Rehema, 21:36: Kinaungua kilomita 80 juu huko. Mlio ungekufikia baada ya dakika nne. Huo ni mlango wa choo chenu.

Shangazi Afua, 22:40: Kama jiwe limeanguka, safari hii lisiende Kampala "kupimwa" likarudi pikipiki.

Mjomba Hamza, 22:52: Afua, bado tu?

Shangazi Afua, 22:53: 14 Agosti 1992, mawe ya kimondo yalipoanguka hapa Mbale. Tobo la bati lipo jikoni kwangu, njoo ulitazame.

Rehema, 22:54: Jamani, UPANDE

Idi, 23:15: Kuna mtoto alipigwa kichwani mwaka ule. Siraji si wewe kweli?

Siraji, 23:16: 😂😂 Lile gramu 3.6 tu, tena liligonga mgomba kwanza

Hajji, 05:58: Nimesoma. Mwaka ule walisema mawe yale yanatibu ukimwi. Nililisaga moja kwenye kinu cha karanga, nikamnywesha babake Siraji. Mnajua alikaa wiki ngapi. Pikipiki ya Hamza ndiyo iliyompeleka hospitali kila mara. Afua, yaishe. Jiwe likionekana asiliguse mtu, aitwe mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa.

Rehema, 09:20: Tumesikia Hajji.

Siraji, 13:02: Kilitokea mlima Wanale, kikapotelea upande wa Kumi. Sekunde kama tano.

Rehema, 13:03: Ahsante kaka. Leo baada ya magharibi tukutane kwa Hajji, kila mtu aonyeshe kwa mkono. Nani anakuja?

Idi, 17:45: Mbona mimi nina video

Rehema, 17:45: ITUME

Idi, 19:30: Bando limeisha