Maji ya jirani wa juu yameharibu jikoni: nianze na bima yangu au yake?

Mpangaji_K3:
Habari zenu. Ni nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, Kilimani, Nairobi. Maji yalikuwa yamekatika, jirani wa juu akauacha mfereji wa jikoni wazi na kutoka. Yaliporudi usiku hakuwepo. Kipande cha dari ya jipsamu kimeanguka, milango ya makabati ya MDF (mbao za nyuzi zilizobanwa) imevimba, televisheni, zulia na godoro vimelowa. Bima yangu ni ya vitu vya ndani, shilingi 1,200,000. Jirani anataka kulipa kidogo kidogo, tuandikishane. Broka wangu wa bima ananikataza kutia sahihi. Nifuate njia gani, na dari ni ya nani?

Asesa_Mstaafu:
Broka yuko sawa. Ukitia sahihi kwamba umepokea pesa na huna dai lingine, umeinyima kampuni yako haki ya kumdai jirani baada ya kukulipa. Hiyo peke yake inaweza kuwa sababu ya kukukatalia fidia.

Anza na bima yako. Bima yako haihitaji uthibitishe kosa la mtu. Inatosha kuonyesha kwamba maji yalimwagika ghafla na hati yako inalipia mfereji au tangi kufurika. Piga simu leo, kisha utume barua pepe ili tarehe ibaki kwenye rekodi. Kwenye fomu usiandike "maji yamekuwa yakivuja", kwa maana uvujaji wa polepole huwa haulipiwi. Ikiwa kweli dari ilikuwa na madoa ya zamani, sema ukweli na utenganishe ya zamani na ya usiku huo, kwa sababu asesa (mkaguzi wa hasara wa kampuni) atayaona tu.

Jirani naye aripoti kwa bima yake, kama anayo. Bima nyingi za nyumba zina kifungu cha dhima kwa watu wengine, yaani hulipia hasara uliyowasababishia wengine. Usimshurutishe aandike "nimekosa": hati nyingi humkataza mwenye bima kukubali kosa bila idhini ya kampuni, na akipoteza kinga hiyo hasara ni yako pia. Omba maandishi ya matukio tu: mfereji upi, saa ngapi, nani aliyefunga vali. Msimamizi wa jengo aandike yake kando.

Dari na makabati yaliyojengewa ukutani ni ya mwenye nyumba, na dai hilo ni lake. Mjulishe kwa maandishi. Yako ni televisheni, zulia na godoro.

Fundi_Mabomba_Ruaka:
Kabla ya yote, zima swichi kuu ikiwa maji yamefika kwenye taa au soketi. Televisheni usiijaribu hata ikionekana kavu. Ukiiwasha, fundi atakuta bodi imeungua na kampuni itauliza ni maji au ni umeme. Ipeleke kwa fundi atakayeandika ripoti yenye namba ya mashine, alichokikuta ndani, na kama inatengenezeka.

Mfereji wa kawaida hutoa kama lita 10 kwa dakika. Kwa saa sita ni lita 3,600, na sinki lenye tundu zima lingezipitisha. Kwa hiyo kuna la pili: tundu lilizibwa na vyombo au mtego wa taka umeziba. Piga picha kabla halijazibuliwa, kwa sababu hapo ndipo uzembe unapoonekana. Kwingineko ambapo ni paipu ya kunyumbulika iliyopasuka chini ya sinki, msitupe kipande. Kiwekeni kwenye mfuko wenye tarehe. Mafundi wengi hukitupa, na ushahidi unaondoka nacho.

Godoro na zulia visitupwe kabla asesa hajaviona au kampuni haijaruhusu kwa maandishi. Viinue, vianikwe. Dari isipakwe rangi mpaka zege la juu likauke, la sivyo rangi itabambuka na hutalipwa mara ya pili.

Mpangaji_K3:
Asanteni sana. Nikihesabu vizuri, vitu vyangu vyote vinafika 2,000,000. Hasara yangu ni kama 300,000. Na jirani sasa anasema ni ajali tu.

Asesa_Mstaafu:
Hapo uwiano utakuuma. Umekatia bima asilimia 60 ya thamani, kwa hiyo utalipwa asilimia 60 ya hasara: 180,000. Toa ekses (kiasi unachobeba mwenyewe), tuseme 10,000, unabaki na 170,000, kabla hawajapunguza kwa uchakavu ikiwa hati yako si ya kulipa kipya kwa cha zamani. Zile 130,000 zilizobaki ni dai lako kwa jirani.

Wakili_Jioni:
Kumwagika kwa maji peke yake hakumfungi jirani. Katika kesi ya Rickards v Lothian ya 1913, mtu asiyejulikana aliziba tundu la sinki na kufungua mfereji ghorofa ya juu, na aliyekuwa akipangisha jengo hakuwajibishwa. Ni lazima uonyeshe uzembe. Kwako upo: kuacha mfereji wazi wakati wa mgao na kuondoka, kila mtu Nairobi anajua maji hurudi. Ingekuwa bomba la pamoja lililo ndani ya ukuta, ungemtazama mwenye jengo au usimamizi.

Mwandikie barua ya madai yenye kiasi, picha na kotesheni mbili, umpe siku 14. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya uharibifu wa mali hadi shilingi 1,000,000, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Ukomo wa kushtaki kwa uzembe ni miaka mitatu.

Ila usikimbilie kufungua kesi ya 130,000 peke yako. Kampuni ikikulipa inaweza kumshtaki jirani kwa jina lako, na tukio moja haligawanywi kuwa kesi mbili. Iandikie kwanza, uombe hasara yako isiyolipwa iingizwe kwenye kesi yao, na upate jibu kwa maandishi.