Simon Estes ni besi au besi-baritoni? Na wahakiki tuwasomeje?

Mwanakwaya_Mengo
Wadau, habari zenu. Kwaya yetu hapa Kampala ina jioni ya kumsikiliza Simon Estes, mwimbaji wa opera wa Marekani, na maelezo nimeachiwa mimi. Wengine wanamwita besi (sauti ya kiume ya chini kabisa), wengine besi-baritoni (iliyo juu yake kidogo), na maoni juu ya ukubwa wa sauti yake hayafanani. Nicheze nini, na nisemeje?

Sauti_ya_Chini
Ndugu, jina linabadilika kwa sababu kazi alizoimba zilibadilika. Alizaliwa 1938 huko Centerville, Iowa, akaanza opera 1965 Deutsche Oper ya Berlin kama Ramfis, yule kuhani mkuu katika opera ya Aida. Hiyo ni besi kamili. Landgraf, mtawala katika opera ya Tannhäuser, uhusika alioingia nao jumba la opera la Metropolitan, New York, mwaka 1982, ni besi pia. Lakini Mholanzi (nahodha aliyelaaniwa) na Wotan (mfalme wa miungu) katika opera za Wagner, na Porgy katika Porgy and Bess, hukaa juu zaidi, na mwimbaji anadaiwa vyote viwili: uzito chini na mng'ao juu. Kwa kawaida besi-baritoni hutembea kuanzia F iliyo chini tu ya mistari ya besi hadi F iliyo juu ya C ya kati. Kugusa noti hizo si kazi. Wengi kwenye kwaya zetu wanazigusa. Kazi ni kukaa karibu na C ya kati dakika kumi mfululizo bila kukaza koo.

Tazama na miaka yenyewe. Berlin 1965, Bayreuth (tamasha la opera za Wagner huko Ujerumani) 1978 kama Mholanzi, New York 1982. Mmarekani huyu alijengwa Ulaya kwanza, na suala la rangi ya ngozi alilizungumza waziwazi. Bayreuth alikuwa mwanamume Mweusi wa kwanza kupewa uhusika mkuu. Usiseme "Mweusi wa kwanza" ukaishia hapo: mwimbaji wa kike Grace Bumbry alimtangulia 1961 kama Venus wa Tannhäuser. Hao hao wawili wakawa Porgy na Bess pale Metropolitan ilipoipandisha opera hiyo jukwaani kwake kwa mara ya kwanza, 1985.

Fundi_Mitambo_Jinja
Kuhusu ukubwa wa sauti, kabla hujamwamini mhakiki uliza alikaa ukumbi gani. Bayreuth ina viti karibu 1,900 na shimo la okestra limefunikwa: sauti za vyombo vya shaba na vya nyuzi hupanda kwanza jukwaani, ndipo zirudi kwa watu zikiwa zimelainika. Metropolitan ina viti karibu 3,800 na shimo liko wazi. Koo lile lile litaandikwa "kubwa" kule na "ya wastani" huku, na hakuna aliyedanganya.

Jambo la pili ni vyombo. Tafadhali msitumie spika ya simu. F ile ya chini ni hezi 87 hivi, na spika ya simu haiwezi kuitoa; inabakiza mlio wa juu, karibu na hezi 3,000, ambao ndio mwimbaji aliyefunzwa hupenyea okestra. Matokeo yake besi-baritoni anasikika kama bati. Chukueni spika yenye koni kubwa, iwekeni mbali na kona ya chumba, la sivyo mvumo wa chini utameza maneno. Pakueni faili mapema, maana intaneti ikisuasua ubora unashuka katikati ya wimbo.

Mzee_wa_Noti
Nyongeza moja. Video ya Der fliegende Holländer (ndiyo opera ya Mholanzi) kutoka Bayreuth inayopatikana ni ya 1985, kondakta Woldemar Nelsson. Si ya 1978. Uongozaji wa maigizo ni wa Harry Kupfer, na mengi yaliyosifiwa ni yake: Senta, msichana anayempenda Mholanzi, yuko jukwaani muda wote, na Mholanzi ni ndoto ya kichwani mwake, anatokea amefungwa minyororo. Mtu Mweusi katika minyororo, watazamaji hawakuhitaji kuelezwa. Kwa hiyo unaposoma sifa, tenganisha za picha na za koo.

Kwa koo, chezeni "Die Frist ist um", wimbo wa kwanza wa Mholanzi, dakika kama kumi na mbili. Mwanzo anaimba karibu peke yake, chini, nyuzi zikigusa tu. Halafu bahari inachafuka, na hapo wengi hupoteza konsonanti. Sikilizeni hasa penye maneno "Dich frage ich": nyuzi zinatetemeka chinichini na sauti lazima itandazwe bila kuyumba. Kuyumba ndiko wahakiki hukamata kwanza. Hata Hans Hotter, Wotan wa kupigiwa mfano, alikosolewa kwa hilo katika rekodi ya Die Walküre ya 1965, akiwa na miaka 56.

Mwanakwaya_Mengo
Asanteni sana. Je, niwaambie mabesi wetu waige ile rangi nzito? Desemba tuna Messiah ya Handel.

Mzee_wa_Noti
Hapana! Wakiiga watasukuma zoloto (kisanduku cha sauti kooni) chini kwa nguvu, na ile E ya juu kwenye "The trumpet shall sound", wimbo wa besi katika Messiah, itashuka robo toni. Waige konsonanti zake. Na usiuzime wimbo Mholanzi anapomaliza. Mabaharia wake hujibu mstari wa mwisho kutoka tumboni mwa meli, polepole, na hapo ndipo kwaya yenu ina cha kujifunza.