Tangi la lita 720 mjini Bukavu: ni siklidi gani wa Tanganyika wanaoweza kukaa pamoja?

Mwana-Muhumba

Ndugu zangu, nawasalimu. Kwa msaada wa fundi wa vioo wa Kadutu nimemaliza kutengeneza tangi lenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60, na nimeliweka katika ukumbi wa chini wa nyumba yangu ya wageni, juu ya sakafu ya saruji, kwa kuwa sikuthubutu kupandisha orofani mzigo unaokaribia tani moja. Ningependa kufuga humo siklidi peke yao, yaani jamaa za tilapia tunaowala kila siku, hasa wale wa Ziwa Tanganyika ambao mfanyabiashara mmoja ameniahidi kuwapandisha kutoka Uvira.

Orodha yangu ni hii: Tropheus duboisi kumi, kwa ajili ya vidoa vyao vyeupe, Cyphotilapia frontosa sita, Neolamprologus leleupi wanne wa manjano, Neolamprologus brichardi sita, na oska wawili ambao mfanyabiashara huyo anao tayari. Yeye asema kwamba wote ni siklidi, hivyo watazoeana, na kwamba ndakala wakavu, yaani aina ya dagaa, watawatosha wote. Maji ya bomba ya kwangu, nilipoyapima, yalikuwa na pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 7.2. Je, orodha hii inafaa?

Mama wa Uvira

Papa, hongera kwa tangi, lakini orodha hiyo haitamaliza mwaka. Niwaondoe oska kwanza, maana hao hawahitaji mjadala: ni samaki wa Amerika Kusini, wamezoea maji laini yasiyo na alkali, wanakua kupita sentimita 30, na kila kinachoingia kinywani mwao ni chakula.

Wanaobaki wote ni wa Tanganyika, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba ziwa moja ni nyumba moja. Kwenye miamba ya ziwa letu kila samaki ana kazi yake na kina chake. Tropheus anaishi juu kabisa, penye mwanga mwingi, akikwangua majani ya maji yaliyoota kwenye mawe tangu asubuhi hadi jioni, na utumbo wake ni mrefu kwa sababu chakula hicho kinachelewa kusagika. Ukimpa ndakala kila siku, tumbo litavimba, ataacha kula, atajitenga pembeni akitoa kinyesi cheupe kama uzi, na ugonjwa ukishaanza kwa mmoja mara nyingi huchukua kundi zima. Chakula chake ni cha spirulina, yaani mwani mdogo mno uliokaushwa, pamoja na lengalenga iliyochovywa kidogo katika maji ya moto. Frontosa, kinyume chake, hukaa chini sana, penye giza, na huwinda samaki wadogo alfajiri wakiwa bado wamelala. Huyo ndiye wa kumpa ndakala. Sasa utawalishaje wawili hao ndani ya kioo kimoja? Ukimridhisha mmoja unamuua mwenzake.

Isitoshe, Tropheus ni mgomvi ambaye haridhiki na mpinzani mmoja. Wakiwa kumi, mwenye nguvu ataonea mmoja mmoja hadi wabaki watatu. Wakiwa ishirini au zaidi, ghadhabu hugawanyika na hakuna anayeumia sana. Na vile vidoa vyeupe unavyovipenda ni mavazi ya utotoni. Duboisi akikua, vidoa hutoweka, kichwa kinakuwa cha buluu na mwili mweusi wenye ukanda mmoja mpana. Ni mzuri vilevile, lakini afadhali ujue kabla hujalipa.

Kwa hiyo chagua chakula kwanza, kisha samaki. Ukitaka Tropheus, weka ishirini na tano wa duboisi peke yao, labda pamoja na Eretmodus wachache ambao nao hukwangua mawe. Ukimtaka frontosa, weka dume mmoja na majike matano, uwaache watawale. Kama ungeniachia mimi nichague, ningeacha wote wawili: ningeweka Cyprichromis leptosoma kumi na watano waogelee katikati, jozi ya Julidochromis marlieri katika rundo moja la mawe, jozi ya leleupi katika rundo la pili upande wa mbali, na katikati mchanga mtupu wenye makombe matupu ya konokono kwa ajili ya Lamprologus ocellatus, ambao huishi na kuzaa ndani ya makombe hayo. Wote hao hula wadudu wadogo wa majini, na kila mmoja ana mahali pake. Funika tangi vizuri tu, kwa maana Cyprichromis wanaruka.

Mwalimu wa Bagira

Nakubaliana na Mama karibu katika yote. Sikuona, hata hivyo, alivyosema juu ya brichardi, na nisingependa uwachukulie wepesi kwa sababu ya mapezi yao mazuri. Watoto wa uzazi wa kwanza hubaki nyumbani na kuwasaidia wazazi kulinda wadogo zao, kwa hiyo jozi moja hugeuka kuwa ukoo, na ukoo huo huteka mawe yote. Nimewahi kuwaona majirani zao wote wamejibana kwenye pembe ya juu, karibu na chujio. Mimi sasa ninawafuga pamoja na frontosa wakubwa, ambao hula watoto na kuzuia ukoo usizidi, na mpango huo umekwenda vizuri kwa miaka mitatu.

Mama wa Uvira

Mwalimu, mpango wako unafaa kwa mtu anayekubali kuona watoto wakiliwa mbele ya wageni wanaosubiri chai. Kwa tangi la ukumbini ningewaacha brichardi kabisa.

Kijana wa Ndendere

Mkubwa, wenzangu wamesema juu ya samaki. Mimi niseme juu ya umeme na maji. Hapa Bukavu usiku ni baridi, nao samaki hao wanataka nyuzi 24 hadi 27, kwa hiyo kipasha-maji ni lazima. Umeme ukikatika, lita 720 hazipoi upesi, ila hewa huisha mapema kuliko joto, hasa kwenye mwinuko wetu wa mita 1,500 ambako maji hushika oksijeni kidogo. Weka pampu ya hewa inayotumia betri kabla ya kununua samaki wa kwanza, na punguza idadi ya samaki kuliko wanavyokushauri watu wenye umeme wa kudumu.

pH 7.2 ni ya chini. Tanganyika inakaribia 9. Maji ya Ziwa Kivu yana alkali ya namna hiyo, lakini chumvi zake ni nyingi kuliko za Tanganyika, kwa hiyo mimi huchanganya nusu kwa nusu na ya bomba, kisha napima. Usiharakishe hata hivyo: katika maji yenye alkali, amonia itokayo kwenye mkojo na mabaki ya chakula inakuwa sumu kali zaidi. Liache chujio lifanye kazi wiki tano au sita, ukiweka chakula kidogo tu bila samaki, mpaka bakteria wanaokula amonia hiyo waote.

Mwana-Muhumba

Nawashukuru nyote. Nitafuata mpango wa Mama, bila brichardi. Mfanyabiashara amekasirika kuhusu oska, akasema niwachukue bure na wakinishinda niwaachilie ziwani. Jumamosi nitaleta mawe meusi ya volkano kutoka upande wa Sake.

Mama wa Uvira

Usiwapokee hata bure, na ziwani kamwe. Sambaza wa Kivu, wale samaki wadogo wa kuvuliwa, walitoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaletwa kwa kusudi na leo wanalisha watu. Lakini Lamprichthys, samaki mwingine mdogo wa Tanganyika ambaye hakuna aliyemtuma, naye ameshafika Kivu na anashindana na sambaza kwa chakula. Hatuhitaji wa tatu.

Mawe ya volkano ni mazuri, ila chagua yasiyo na ncha kali na uyasugue sana. Yapange juu ya kioo chenyewe, ukitanguliza karatasi nene ya plastiki, ndipo umwage mchanga. Ukianza na mchanga, samaki watachimba chini ya mawe, na siku moja rundo zima litaangukia kioo.