Walituuzia viti vya chini, siku ya shoo wakampandisha darini mama yangu mwenye magoti mabovu

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira tangu Jumatano iliyopita. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Naishi Uingereza, jiji moja huku Midlands. Mama yangu mzazi amekuja kwa viza ya matembezi. Ana miaka 71 na magoti yamekwisha. Akipanda ngazi hushika ukuta, anapumzika, anaendelea. Amekulia Tanga enzi za vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, taarab iko kwenye damu. Kwake yeye kwenda kusikiliza waimbaji maana yake unakaa karibu, unamwona mwimbaji usoni, na wimbo ukikugusa unainuka kwenda kumtuza. Kwa hiyo nilipoona shoo kubwa ya nyimbo iliyotoka London inapita kwenye jumba la maonyesho la hapa kwetu, nikasema mama lazima aione, na aione akiwa amekaa vizuri.

Nilinunua tiketi 3 mwezi wa tatu, shoo ni ya mwezi wa kumi. Jumatano mchana, ili tusirudi usiku na baridi. Viti vya chini, safu za nyuma katikati. Nilivichagua makusudi: kutoka mlangoni hadi pale hakuna ngazi hata moja, na choo kiko jirani. Pauni 62 kila kimoja. Mwisho kabisa, nimeshaingiza namba ya kadi, ikachomoza pauni 4 ya "huduma". Tangu Aprili 2025 sheria ya hapa inataka ada ya lazima ionekane tangu mwanzo pamoja na bei. Nikasema basi, ni pauni 4, nikalipa.

Siku nne kabla ya shoo nikapata imeli. "Kutokana na mahitaji ya kiufundi ya kampuni ya shoo, viti vyenu vimebadilishwa." Tumepelekwa roshani ya juu kabisa. Hakuna aliyepiga simu wala kuuliza kama kuna mtu mwenye shida ya kutembea, na nilipokuwa nanunua nilijaza kwenye fomu yao kwamba kuna mzee asiyeweza ngazi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye kiini cha uzi huu. Hayo "mahitaji ya kiufundi" ni meza ya fundi sauti. Jirani yangu ni fundi wa jukwaa, amezunguka na shoo hizi miaka mingi, akanieleza. Shoo ya kuzunguka inakuja na malori yake, mapazia yake, taa zake, na mitambo yake ya sauti. Fundi sauti lazima akae ukumbini kwa watazamaji ili asikie wanachosikia wao, na karibu kila mahali anawekwa kwenye safu za nyuma za viti vya chini, katikati. Viti kadhaa vinang'olewa kumpisha. Ramani ya mitambo hiyo inatumwa kwa kila ukumbi mapema, na ukumbi unaojua kazi yake hauviuzi viti vya eneo hilo mpaka ujue meza inakaa wapi. Hawa waliviuza na hela wakakaa nayo miezi saba.

Jumatano tukaenda. Mhudumu wa mlango mkubwa akaangalia tiketi, akatuambia tutoke nje tuzunguke. Mlango wa roshani uko kichochoroni, karibu na mapipa ya taka. Majumba mengi ya namna hii yalijengwa kati ya miaka ya 1880 na 1910, na watu wa tiketi za bei ndogo walitengewa mlango wao na ngazi zao ili wasikutane na matajiri kwenye zulia. Sina ugomvi na ngazi kuwepo. Mwaka 1887 ukumbi wa Exeter uliungua wakafa watu 186, wengi wao wa roshani, kwa sababu njia ya kutokea ilikuwa moja. Ngazi hizo zinaokoa watu. Ugomvi wangu ni mama yangu kupandishwa huko baada ya kulipia chini.

Lifti inaishia ghorofa ya kwanza, na huko juu haifiki. Nilihesabu ngazi 84. Mama alipumzika mara sita. Ya nne alikaa chini kabisa kwenye ngazi, kilemba kimemteleza, jasho linamtoka mwezi wa kumi, watu wanatupita wakisema samahani. Akaniambia, "Mwanangu, twende tu, ulishatoa hela." Hilo neno bado liko kooni kwangu.

Kufika, kuna chuma cha kuzuia watu wasianguke, kimepita sawasawa machoni pake. Na jukwaa lao lina daraja la juu ambako mwimbaji mkuu anasimama kwa nyimbo zake zote nzito. Ukiwa roshani ya juu, fremu ya jukwaa inakata hapo. Mama akaninong'oneza, "Huyu anayeimba mbona simwoni kichwa?" Mimi pia sikumwona. Tulisikiliza miguu na gauni.

Wakati wa mapumziko nikachungulia chini. Viti vitupu 11, upande wa kushoto, kwa macho yangu. Nikashuka kumwomba msimamizi amsogeze mama peke yake, sisi wawili tubaki juu. Akasema mfumo hauruhusu.

Kuanzia Alhamisi napigwa danadana. Ukumbi unasema waliohitaji viti ni kampuni ya shoo, niongee nao. Kampuni ya shoo inasema tiketi nimeuziwa na ukumbi. Wakuu, aliyechukua hela yangu ni ukumbi. Jina lililoko kwenye taarifa yangu ya benki ni la ukumbi. Jana wakanipa vocha ya pauni 20, itumike ndani ya miezi 12. Mama anapanda ndege mwezi huu.

Nimesoma Sheria ya Haki za Walaji ya 2015: alichokueleza muuzaji kuhusu huduma, nawe ukakitegemea kuamua kununua, kinamfunga. Na ya Usawa ya 2010 inawadai kumrekebishia mambo mtu mwenye ulemavu kadiri inavyowezekana. Kwenye kadi ya mkopo kuna kinga ya kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya 1974, unaweza kuidai kampuni ya kadi badala ya muuzaji, ila kila kitu kilichonunuliwa lazima kizidi pauni 100, na tiketi yangu moja haifiki. Mimi hata hivyo nililipa kwa kadi ya kawaida ya benki, si ya mkopo.

Kwa hiyo naomba wadau wa UK: kuna aliyewahi kuiomba benki irudishe malipo kwa sababu alibadilishiwa kiti, akafanikiwa? Ulipeleka ushahidi gani? Nina imeli yao, fomu niliyojaza, na picha ya chuma kile niliyoipiga kutoka kwenye kiti cha mama. Na aliyefika mahakama ya madai madogo, ilikuchukua muda gani?

Nawadai pauni 190 zote, na barua ya kumwomba radhi mama kwa jina lake. Nimewapa siku 14, zinaisha Ijumaa ijayo. Mama anaondoka Jumapili yake, na nataka aisome akiwa bado hapa.