Naomba ushauri: mdogo wangu anasoma sana ila mtihani ukija hakumbuki

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mdogo wangu wa kike yuko sekondari, zimebaki wiki 9 afanye mtihani wa mwisho. Si mvivu hata kidogo. Daftari lake la baiolojia amelipaka rangi ya njano kila ukurasa, huwezi kujua lipi la muhimu. Juzi nililifunga nikamwomba anieleze jinsi damu inavyopita kwenye moyo. Alianza vizuri, alipofika kwenye vali akanyamaza, machozi yakamlengalenga. Iliniuma sana.

Nimesoma utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa mwaka 2006: baada ya dakika 5, wanafunzi waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, lakini baada ya wiki moja wakapitwa na waliojipima bila kuangalia. Nikaona ni yeye mtupu. Sasa anasoma, anafunga daftari, anaandika anachokumbuka, halafu anajisahihisha kwa wino mwekundu. Tatizo ule wekundu unamvunja moyo. Anasema unamfanya ajione hajui kitu, na nikiondoka anarudia kupaka rangi.

Walimu na mliopitia hili, mlimtiaje moyo mtoto mpaka akazoea? Na mitihani ya miaka iliyopita aanze kuifanya sasa, au amalize mada kwanza? Mimi naona aanze sasa, yeye anaogopa. Anakesha pia mpaka saa 8 usiku, hilo nimeshamkataza.

Natanguliza shukrani.