Mnaotuuzia maganda ya risasi "yaliyosafishwa", mnatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa

Wakuu, nina hasira na sitaremba.

Nimepokea mzigo wa maganda yaliyotumika, nikaambiwa yameshasafishwa, kazi yangu ni kuyajaza upya tu niunde risasi mpya. Kweli yanang'aa, unajiona sura. Nikaanza kuyageuza moja moja chini ya taa. Shingoni nyufa nyembamba kama unywele, zinateremka kufuata urefu wa ganda. Mengine yana mabaka ya waridi. Na kwenye kile kitundu ambacho moto wa fataki (kiwashio kidogo cha kitakoni mwa ganda) hupitia kuifikia baruti, pini za kusafishia zimekwama mbilimbili! Aliyesafisha hata kuchungulia ndani hakuchungulia.

Namuuliza muuzaji katumia nini. "Dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba." Ile inayochoma pua? "Hiyo hiyo."

Jamani! Kinachochoma pua ni amonia. Ganda ni takriban asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, na mchanganyiko huo ukikutana na amonia hupasuka wenyewe, hata ukiwa umetulia sandukuni, maana bado una mkazo wa kufinyangwa kiwandani. Wala si habari mpya. Jeshi la Uingereza kule India lilikuwa likikuta risasi zimepasuka ghalani msimu wa mvua, kumbe ni amonia kutoka kwenye mikojo ya farasi. Sababu ilichapishwa 1921. Nineteen ishirini na moja, wakuu, na leo mtu ananimwagia amonia ili picha zake zipendeze!

Yale mabaka ya waridi ni mambo ya siki kali: imekula zinki, ikaacha shaba dhaifu. Ganda la hivyo likipasuka bunduki inapolia, gesi ya moto inatafuta pa kutokea, na uso wako uko hapo hapo.

Asidi ya limau kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, suuza sana, kausha, basi. Anayetaka mng'ao azungushe kwenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa, bila dawa ya ajabu, na avae barakoa, kwani vumbi lile lina madini ya risasi yaliyotoka kwenye fataki.

Nataka kila muuzaji aseme wazi kasafishia nini. Huyu wangu amegoma kurudisha hela, eti "mzigo ulikuwa unang'aa". Mabovu yote nimeyabana kwa koleo yakawa bapa, asije akayakusanya na kumuuzia mwingine.