Ratiba ya chakula ya wiki nzima, au kuamua ukiwa sokoni? Wa Bukavu, mnafanyaje?

Mama_Nguba
Wapendwa, tulinganishe kidogo. Mimi na mdogo wangu tunakaa parseli moja, kila mmoja na jiko lake. Yeye amebandika karatasi kwenye mlango wa frigo: Jumatatu maharagi na ndizi, Jumanne sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), Jumatano sombe (majani ya muhogo), hivyo hivyo mpaka Jumapili. Mimi nashika kikapu mchana, nafika soko la Nyawera, ndipo najua tutakula nini. Mwisho wa mwezi yeye bado ana unga na mafuta, mimi nimeshaanza deni dukani. Hapo ananishinda. Lakini Jumanne iliyopita mwezi ulikuwa mpevu, sambaza bei imepanda mpaka watu wanapita wakitazama tu, na yeye akanunua, eti karatasi imesema! Lengalenga (mchicha) ilikuwa imejaa pembeni, mbichi, bei ya bure. Nani yuko sawa?

Baba_wa_Kadutu
Mama, karatasi haina kosa, iliandikwa bila kuangalia juu. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa: taa inawavuta, wavu unawapokea. Mwezi ukiwaka ziwa zima, taa inakosa nguvu, samaki wanatawanyika, pirogi zinarudi karibu tupu. Jambo hilo linajulikana mwezi mzima mbele, kwa hiyo linapangika kuliko yote. Nunua wengi usiku za giza, anika vizuri, weka. Na kusema hivyo, hawa sambaza wenyewe ni wageni hapa, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo nitajie ratiba ya Bukavu isiyo nao.

Yaya_Panzi
Mimi sipangi vyakula, napanga makala (makaa ya jiko). Maharagi makavu huwezi kuyaamua saa kumi na moja jioni, watoto watalala mezani. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, basi maharagi yanakawia kuliko kule Uvira, ambako ni chini zaidi. Dada yangu wa Uvira akija hapa anashangaa mbabula (jiko la makala) inavyokula makala. Kwa hiyo jioni naloweka, asubuhi namwaga yale maji, naweka mapya, nabandika. Yakianza kuchemka kwa nguvu nayaacha hivyo zaidi ya dakika 10 kabla ya kupunguza moto, maana maharagi yasiyoiva vizuri yanaumiza tumbo kweli. Napika sufuria kubwa. Leo ni mchuzi. Kesho yanarudi na kitunguu na mawese, na hakuna anayenung'unika.

Sombe ni hivyo hivyo. Majani ya muhogo yana sumu. Inatoka kwa kutwanga sawasawa na kuchemsha muda mrefu, kifuniko pembeni. Ukiona mtu ameamua sombe saa kumi na mbili jioni, ujue ama itaiva usiku wa manane, ama atawalisha haijaiva. Lengalenga inaiva kabla bugali haijasongwa. Hiyo ndiyo ya kuamulia sokoni.

Mbeba_Mizigo
Mnaongea kama watu wa mshahara. Kwetu pesa inaingia jioni, siku ikiwa nzuri. Mke wangu ananunua unga kwa kopo, mafuta kwa kifuko, makala ya kupikia mara moja. Tunajua gunia lingetoka nafuu, hesabu tunaijua sana. Gunia linataka pesa yote siku moja. Hiyo karatasi ya wiki ningeiandika nini?

Mama_Nguba
Kaka, uko na haki. Sikuwaza upande huo.

Dada_Bagira
Kaka Mbeba Mizigo, mwambie mke wako aangalie likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu. Sisi wa avenue yetu tuliacha kupeana pesa mkononi, maana pesa ikifika nyumbani inapata kazi nyingine (wanaume mnajua). Kila mmoja anatoa kidogo, na anayefikiwa na zamu ananunuliwa gunia la unga wa muhogo. Bugali ikishakuwa ndani, zile faranka za jioni zinabaki za mboga peke yake, na mboga unaamua unavyoikuta. Shida yake: mmoja akichelewesha, mnagombana wote.

Wa_Lushi
Huku Lubumbashi bukari ni ya mahindi, na bei yake inafuata barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mpaka ukikwama, unga unaruka. Mwenye uwezo anaweka gunia la kilo 25 mapema. Mboga? Matembele hayahitaji mkutano.

Muuguzi_Ibanda
Yaya Panzi, sufuria ya siku mbili naiunga mkono kwa mwenye frigo inayofanya kazi kweli. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa 2, na frigo iwe chini ya nyuzi 5. Umeme ukikatika jioni na kurudi asubuhi, ile frigo ni kabati tu. Na kukichemsha tena si dawa ya kila kitu, kuna sumu za vijidudu ambazo moto hauzitoi. Nyumba isiyo na umeme wa uhakika ipange vikavu: unga, maharagi, makayabu (samaki wa chumvi), sambaza walioanikwa. Cha sufuriani kiishe siku hiyo.

Mdogo_wa_Nguba
Nimeonyeshwa, nimesoma. Sambaza nawatoa Jumanne, nitaandika «mboga ya soko». Karatasi inabaki. Yaya Panzi, swali: nikiloweka usiku na asubuhi naenda kazini mpaka saa kumi, maharagi hayatachacha?

Yaya_Panzi
Joto likiwa kali yatachacha. Wakati wa chai ya asubuhi, maji ya chai yakitoka, bandika maharagi kwenye makala hayo hayo na maji mapya. Yachemke vizuri, uyaache yamalizike taratibu na mtu yuko nyumbani. Kama hamna mtu, loweka asubuhi ukitoka, upike ukirudi. Chumvi mwishoni.